Juu ya nini boti inavuta upande mmoja?



Katika mapumziko tulitoka Baraka kwenda Uvira ndani ya boti ya mbao yenye tanga. Upepo ulilala, tanga likakunjwa, motere ikawashwa. Mara boti ikaanza kuvuta kushoto. Na kwa mtu anayepanda kaskazini, kushoto ndiko kando, ndiko kwenye mawe. Mwenye usukani alishika kwa mikono miwili mpaka akachoka. Abiria wakapiga kelele: «Ni kosa la yule kijana aliyefunga motere! Tukifika afukuzwe kazi!» Wengine walitaja uchawi.

Mzee mmoja mvuvi akasema: «Ngojeni kwanza, tuulize boti yenyewe.» Nawaandikia namna alivyouliza, sababu wengi wetu tunasafiri kwa ziwa.

1. Upepo na mawimbi. Geuza boti, urudi ulikotoka kwa dakika chache. Kama sasa inavuta kuume, sababu ni upepo au mawimbi. Kama ni kushoto tu, ugonjwa uko ndani ya boti. Yetu ilivuta kushoto tu.

2. Motere. Toa vitesi wakati boti iko bado inatembea, ushike usukani kwa vidole tu. Mvuto ukiisha, motere ndiyo sababu. Ukibaki, tafuta kwenye usukani, labda wavu au majani yamenaswa pale, ama tafuta kwenye mzigo. Kwetu mvuto ulipungua lakini haukuisha. Basi sababu zilikuwa mbili.

3. Mzigo. Magunia mengi yalikuwa upande wa kuume, na boti ililala kuume. Boti iliyolala kuume inataka kugeuka kushoto, kwani tumbo lake halikati tena maji sawasawa pande zote mbili. Tulihamisha gunia moja moja, watu wengine wakikaa chini. Usukani ukawa mwepesi zaidi.

4. Mahali pa motere. Katika boti ya tanga, usukani umekwisha kuchukua katikati ya nyuma, kwa hiyo motere inafungwa pembeni. Yetu ilikuwa kuume. Sukuma meza kwa pembe yake ya kuume: inageuka kushoto. Ni vile vile. Mzee alizima motere, akailegeza, akaigeuza kidogo ili elisi itupe maji nyuma na kidogo upande wa nje, akaikaza tena.

5. Elisi. Nyingi, ukizitazama toka nyuma, zinazunguka kama mishale ya saa. Hizo zinasukuma mkia wa boti kuume kidogo, na pua kushoto. Hiyo si ugonjwa, ni tabia. Mwenye usukani anaizoea.

Tulifika Uvira salama. Na magunia yale yalikuwa ya nani? Ya wale wale waliopiga kelele kuliko wengine.

Yakobo 3:4 inatukumbusha kwamba merikebu kubwa inageuzwa na usukani mdogo, halafu inasema juu ya ulimi. Mimi kama kapita nimeona mara nyingi katika bweni: kitu kinapotea, na jina la mtu linatajwa mbele ya kutafuta chini ya kitanda. Ndugu, tubadilishe jambo moja, tutazame. Tubadilishe la pili, tutazame. Ndipo tuseme.

Kapita wa wanafunzi, darasa la sita