Mvua, Kodi na Mjomba: Mwaka Mmoja wa Wakaguru wa Berega

Tarehe 7 Desemba 1926 Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilifunguliwa Dar es Salaam, chini ya Gavana Sir Donald Cameron. Wajumbe walikuwa Wazungu na Wahindi. Mwafrika hakuingia humo hadi 1945. Nchi ilikuwa bado changa. Jina la Tanganyika lilikuwa na miaka 6 tu, na Uingereza ilikabidhiwa udhamini wake na Shirikisho la Mataifa mwaka 1922. Huko Berega, upande wa Kilosa, Desemba haikuwa mwezi wa hotuba. Ukaguru, nchi ya Wakaguru, huo ni mwezi wa jembe.

Wakaguru hugawa mwaka mara mbili: chifuku, majira ya mvua, na chibahu, kiangazi. Kabla mvua haijashika, wazee wa ukoo unaotambuliwa kuwa ndio wenye nchi ya mahali hapo huenda kusafisha makaburi ya wakubwa wao na kutambika kwa pombe na unga, ili nchi ipoe na mvua ije kwa heri. Mtu wa ukoo mwingine, hata awe tajiri namna gani, hawezi kuifanya kazi hiyo. Halafu ndipo kulima, na baada ya kulima huja miezi migumu. Akiba ya mtama huwa imekwisha, na familia hushindia mlenda na majani ya kunde.

Mtama ukianza kushika punje, watoto huhamia juu ya dungu, ulingo wa miti wenye kipaa cha nyasi katikati ya shamba. Tangu alfajiri hadi jua kuzama wanapiga kelele, wanagonga madebe, wanarusha mawe kwa teo, maana kundi moja la kwelea kwelea hufuta jasho la miezi mitano. Usiku huwa zamu ya wakubwa, dhidi ya nguruwe. Shule yoyote iliyotaka watoto katika majira hayo ilishindana na ndege, na naona si haki kuwaita wazazi wale wavivu wa elimu. Walikuwa wanalinda chakula cha mwaka mzima.

Mavuno yakishaingia, kiangazi hufungua sherehe. Pombe hupikwa, nyumba hujengwa, wavulana huingia jandoni, wasichana hutolewa ndani, na mahari huzungumzwa. Majira hayo hayo ndiyo mtu alipokuwa na kitu mkononi, na hapo ndipo kodi ilipomkuta. Wajerumani waliileta kodi ya nyumba, Waingereza wakaiendeleza pamoja na kodi ya kichwa, na tangu 1921 ilidaiwa kwa shilingi. Mbuzi na mtama wa ghalani havikutosha. Ilibidi viuzwe kwanza, au mtu auze nguvu zake.

Kilosa ilikuwa karibu. Reli ya Kati ilikwisha kupita hapo kabla ya Vita Kuu, na mashamba ya mkonge yalihitaji watu. Kijana alipewa kipande, kadi ya kuandikia siku zake za kazi, na hakulipwa mpaka siku 30 zitimie. Mengi yameandikwa juu ya mikono iliyochomwa na miiba ya mkonge. Mimi naona badiliko lililokwenda mbali zaidi lilitokea nyumbani, kati ya mpwa na mjomba wake.

Mtoto wa Kikaguru ni wa ukoo wa mama yake. Baba anaheshimiwa sana, na ukoo wake una haki zake, lakini mjomba ndiye mwenye sauti nzito. Kijana akitaka kuoa, hutegemea mbuzi wa baba na wa wajomba. Binti akiolewa, mahari hugawanywa pande mbili, na mjomba asipopata fungu lake ndoa huwa na maneno. Kwa njia hiyo kijana alibaki karibu na wakubwa, akilima, akingoja, akijifunza kesi za ukoo. Shilingi za mkonge zilimpa njia nyingine. Aliyerudi kutoka Kilosa na fedha yake aliweza kulipa kodi na kuanza mahari bila kungoja zizi la mtu. Wapo waliouona huo kuwa uhuru, na kwa kijana asiye na mjomba mwema ulikuwa uhuru kweli. Ila mjomba aliyekosa wapwa shambani alikosa pia watu wa kumsaidia mwaka wa njaa.

Mwaka huohuo wa 1926 ilitoka Sheria ya Mamlaka za Wenyeji, ya kutawala watu kupitia machifu wao. Ukaguru haukuwa na mtawala mmoja. Palikuwa na koo nyingi, kila moja na nchi yake. Serikali iliuinua ukoo mmoja wa Mamboya, uliokwisha kupata nguvu zama za misafara ya pwani, ukatambuliwa na Sultani Barghash wa Zanzibar na kisha na Wajerumani. Chifu akapewa mshahara, baraza na matarishi, na kazi ya kukusanya kodi. Yakaitwa hayo mila ya Wakaguru. Mzee aliyetambikia mvua hakuwamo katika daftari lolote.

Tena palikuwa na kanisa. Wamisionari wa CMS, chama cha Kianglikana cha Uingereza, walifika Mamboya mwaka 1880, wakafungua Berega mwaka 1900. Walifundisha kusoma na kutibu wagonjwa, na hayo Berega inayakumbuka kwa shukrani. Walikataza pia pombe, ngoma na mitara. Bila pombe hakuna tambiko, na majirani hualikana kulima kwa pombe, kwa hiyo Mkristo mpya alijikuta nje ya mambo ambayo hayakuwa ya dini peke yake. Kule Masasi, Askofu Vincent Lucas wa UMCA, misheni nyingine ya Kianglikana, alijaribu kuliingiza jando ndani ya Ukristo; CMS haikupita njia hiyo. Mwaka 1927 Waingereza wa CMS waliwaachia Waaustralia kazi ya misheni huku, na George Chambers akawekwa kuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Tanganyika ya Kati. Alipowekwa, Novemba 1, Ukaguru ulikuwa unaingia tena chifuku. Familia za Kikristo ziliendelea kuwatahiri wana wao, na bado ilibidi zikubaliane na mjomba ni nani atakayewafunda.