Kwanza Ajue Kwamba Utarudi

"Daktari, huyu mbwa ameniganda kama kupe," aliniambia mama mmoja wa Mikocheni, Dar es Salaam, siku niliyokwenda kumtembelea. Akainuka kunionyesha. Kabla hajafika mlango wa jikoni, mbwa wake mweupe wa kilo nne alikuwa tayari miguuni pake. Akatoka uani, naye uani. Akaingia bafuni, mbwa akalala kizingitini, pua ameielekeza kwenye upenyo wa chini ya mlango.

Kilichomfanya aniite ni jambo la wiki iliyotangulia. Mbwa alipenya chini ya geti, akamfuata hadi barazani kwa jirani, akajikung'uta maji ya mvua karibu na mzee aliyekuwa akijiandaa kwenda kusali alasiri. Mzee hakugomba. Aliingia ndani akabadili kanzu. "Mpaka leo naona haya kupita pale," mama akasema.

Mbwa wa namna hii wengi humwita mkaidi, au husema amedekezwa. Mimi nasema anaogopa. Ukiielewa tofauti hiyo umeshafika mbali, kwa sababu mkaidi utamfundisha kutii, lakini mwoga huna budi kumfundisha kuamini.

Elimu ya jambo hili ina mizizi hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1954 na 1955 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alikuwa Uganda, akiwatazama kina mama na watoto wao katika vijiji vya jirani na Kampala. Aliona kwamba mtoto anayemwamini mama yake ndiye anayethubutu kumwacha. Hutambaa mbali kidogo, hushika hiki na kile, hugeuka kuhakikisha mama yupo, kisha huendelea na safari yake. Baadaye, akiwa Marekani, Ainsworth alitunga jaribio la kumtazama mtoto akiachwa kwa dakika chache katika chumba kigeni, na namna anavyompokea mama akirudi. Mwaka 1998 József Topál na wenzake wa Budapest, Hungaria, wakalitumia jaribio kama hilo kwa mbwa. Mbwa nao walicheza na kupekua chumba zaidi pale wenye mbwa walipokuwapo, na wenye mbwa waliporudi, mbwa waliwakimbilia kuwalaki.

Kwa hiyo mbwa anayekuandama chumba hadi chumba hajazidiwa na mapenzi. Amepungukiwa na hakika. Mbwa wadogo hupatwa na hili kwa urahisi kwa sababu ya malezi yetu. Mbwa mkubwa wa ulinzi hujifunza mapema kukaa bandani peke yake. Mdogo hubebwa, hulala kitandani, na akilia kidogo tu hupakatwa. Siku tunapofunga mlango na kwenda kazini, hajawahi kuufanyia mazoezi upweke huo hata dakika moja. Lakini kama tabia imeanza ghafla, hasa kwa mbwa mzee, mpeleke kwanza kwa daktari wa mifugo. Maumivu, masikio yaliyopunguza kusikia na macho yaliyofifia humfanya mbwa aogope kukaa mbali nawe.

Mafunzo yenyewe huanza na mkeka. Tafuta mkeka mdogo au kipande cha zulia, ukiweke mahali ambapo mbwa atakuona ukifanya kazi zako. Chemsha maini ya kuku bila chumvi wala kitunguu, uyakate vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi. Kila anapokanyaga mkeka, dondosha kipande pale pale. Akilala, kiweke katikati ya miguu yake ya mbele. Baada ya siku mbili tatu, anapojilaza mwenyewe, ongeza neno moja: "Tulia." Nyumba nzima itumie neno hilo hilo, watoto na dada wa kazi pia. Mbwa anayeambiwa "kaa" na huyu, "lala" na yule, hajui lipi analodaiwa.

Sasa anza kuondoka, kidogo sana. Inua mguu mmoja, urudishe, mpe kipande. Piga hatua moja, rudi, mpe. Kisha tatu. Kisha zunguka kiti. Hapa ndipo wengi wanapokosea: hufika mlangoni, hugeuka, humwita mbwa aje achukue zawadi yake. Hapo umemfundisha kuondoka. Zawadi imfuate yeye mkekani, nawe ndiye unayeipeleka, maana somo lenyewe ni hilo: nikikaa hapa, mtu wangu anarudi.

Usiongeze umbali na muda kwa pamoja. Ukiongeza hatua, punguza sekunde. Wala usipande ngazi bila kushuka. Leo mwache sekunde 5, kisha 10, kisha 3, kisha 15, kisha 6, ili si kila zamu iwe ngumu kuliko iliyopita. Akiinuka, usimkaripie. Mrudishe kimya kimya, ukate muda kwa nusu. Akiinuka mara mbili mfululizo, ujue wewe ndiye uliyeharakisha. Dakika 3 hadi 5 zinatosha kwa somo moja, mara mbili au tatu kwa siku, na maini hayo uyatoe kwenye hesabu ya chakula chake. Kwa mbwa wa kilo nne, vijipande vichache vya ziada kila siku hugeuka unene.

Akishatulia ukiwa jikoni, geukia mlango wa nje. Mrusi Ivan Pavlov alionyesha kwamba mbwa hudondokwa mate kwa ishara inayotangulia chakula, kabla chakula chenyewe hakijafika. Hofu nayo ina ishara zake: mlio wa funguo, viatu vya kazini, mkoba begani. Zivunje nguvu. Chukua funguo, kisha keti utazame taarifa ya habari. Vaa viatu, ukapike chai. Vikishakuwa mambo ya kawaida, fungua mlango na uufunge ukiwa ndani. Kisha toka nje kwa sekunde 2, urudi kabla hajaanza kulia. Ukisubiri alie ndipo urudi, umechelewa. Hofu imeshapanda, na somo la leo limeharibika.

Acha simu ikirekodi video. Mbwa mwenye wasiwasi huhema bila joto, hupiga miayo bila usingizi, hulamba midomo, huzunguka, hukwaruza mlango. Ukiziona dalili hizo dakika ya nne, zamu ijayo iwe dakika mbili. Katika majuma haya ya mafunzo, ukiwa na safari ndefu, aachwe na mtu anayemjua.

Nawasihi wasomaji: usimpige mbwa kwa mkojo uliokuta sebuleni. Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa New York alionyesha kwamba ule uso wa "najua nimekosa" hutokana na kukaripiwa, hata kwa mbwa ambaye hakufanya kosa lolote. Kipigo cha mlangoni humpa sababu ya pili ya kuogopa: kwanza kuondoka kwako, sasa na kurudi kwako. Mnyororo na chumba kilichofungwa navyo havitibu hofu. Nimetibu kucha zilizong'oka na meno yaliyovunjika kwa mbwa waliojaribu kujitoa.

Kwa wachache hofu ni kali kupita mkeka. Marekani, dawa mbili, fluoksetini na klomipramini, zimeidhinishwa kwa mbwa wenye hofu ya kuachwa, nazo hutolewa pamoja na mafunzo. Apime na kuandika dozi daktari wa mifugo. Usimkatie mbwa kidonge cha binadamu kwa kukisia.

Yule mama wa Mikocheni alinitumia video katika juma la saba. Anasema, "Tulia, nakwenda kwa bibi," kisha geti linasikika likifungwa. Mbwa anainua kichwa, sikio moja limesimama. Anatazama mlango kwa muda. Kisha anashuka mkekani, nami moyo ukanidunda, nikidhani anaelekea mlangoni. Hakwenda huko. Alikwenda dirishani palipoingia jua, akaupata mpira wake wa kitambaa, akajilaza na kuanza kuutafuna.