Kata Simu, Nikupigie: Jinsi Ofisi Mbili Zilivyounganishwa kwa Laini ya Simu

Miaka ya tisini, biashara yenye ofisi mbili ilikuwa na shida moja kila jioni: mauzo ya tawi yatafikaje makao makuu? Tuseme ni duka la vifaa vya ujenzi, ofisi kubwa iko Nairobi na tawi liko Kisumu. Kuna waliotuma disketi kwa basi la usiku. Kuna waliosomeana hesabu kwa simu, mstari kwa mstari. Na kuna waliounganisha kompyuta za ofisi hizo mbili moja kwa moja kwa laini ya simu ya mezani, bila kupitia intaneti.

Kila upande ulikuwa na modemu, kifaa kinachogeuza data ya kompyuta kuwa sauti inayoweza kupita kwenye waya wa simu. Modemu ya Kisumu ilipiga namba ya Nairobi kama vile wewe unavyompigia mtu. Ya Nairobi ikapokea yenyewe, zikapigiana kelele sekunde kadhaa kukubaliana kasi (aliyewahi kuisikia ile kelele hawezi kuisahau), halafu karani wa Kisumu akaweza kufungua faili ya stoki iliyo Nairobi.

Kasi yenyewe? Modemu mbili za kawaida zikipigiana hazikupita kilobiti 33.6 kwa sekunde, hata kama boksi limeandikwa 56. Hiyo 56 ilihitaji upande mmoja uwe umeunganishwa kidijitali na kituo cha simu. Kwa hivyo megabaiti moja ilichukua kama dakika nne, laini ikiwa safi. Picha moja ya simu yako ya leo huenda ina megabaiti tatu! Na kwa kuwa simu ya mbali ililipiwa kadiri unavyoongea, laini haikuachwa wazi. Kifaa kilipiga kukiwa na kitu cha kutuma, kikimaliza kinakata.

Kulikuwa na jambo moja lililosumbua mafundi wengi. Ofisi zote mbili zikitumia namba za mtandao zinazofanana, mfano 192.168.1, kompyuta ya Kisumu inamtafuta mwenzake humohumo chumbani na simu haipigwi kamwe. Ilibidi Kisumu wapewe 192.168.2.

Lakini shida kubwa ilikuwa mlango. Modemu inayopokea kila simu ni mlango ulioachwa wazi: yeyote mwenye namba anaweza kupiga na kujaribu nywila mpaka abahatishe. Dawa moja iliyotumika ilikuwa rahisi sana. Kisumu inapiga, inajitambulisha, Nairobi inakata. Halafu Nairobi yenyewe inapiga namba ya Kisumu iliyohifadhiwa tangu mwanzo. Mwizi aliyeiba nywila akipiga kutoka Nakuru, anakatiwa, na simu ya kurudi inaenda Kisumu. Yeye anabaki mikono mitupu.

Sasa tuje kwako. Unapigiwa: "Naitwa fulani, natoka huduma kwa wateja, kuna pesa imekwama kwa akaunti yako." Anajua jina lako, pengine hata kiasi ulichotuma jana. Usibishane naye na usimwulize maswali ya kumpima, kwa sababu wengi wao wamejiandaa. Fanya kama Nairobi. Kata, kisha piga mwenyewe namba ya huduma kwa wateja unayoijua, ile iliyo kwenye apu rasmi. Usipige aliyokutajia yeye, wala iliyo kwenye meseji aliyokutumia. Usirudishe simu kwa ile namba iliyoonekana kwenye skrini pia, maana namba inayoonekana inaweza kughushiwa. Na akikuambia ubonyeze nyota na tarakimu fulani "kurekebisha", usibonyeze. Menyu ya kuingiza PIN iwe ile uliyoifungua wewe mwenyewe, kwa hiari yako.

Menyu hiyo ya nyota na reli nayo ina undugu na modemu. Ukibonyeza, unafungua mawasiliano ya muda mfupi, na yakikatika katikati hayajihifadhi kama meseji. Makarani wa zamani laini ikikatika walikagua kwanza kilichofika, la sivyo mauzo yanaandikwa mara mbili. Wewe vilevile. Kama menyu imekatika kabla hujaingiza PIN, hakuna pesa iliyotumwa, anza tu upya. Kama umeshaingiza PIN na kuthibitisha, ombi huenda lilishapita hata kama skrini imeonyesha kosa. Usitume tena haraka, hata kama mwenye duka amekukazia macho. Subiri meseji, angalia salio, angalia taarifa ya miamala. Ikiwa bado huelewi, piga huduma kwa wateja ukiwa na namba ya mpokeaji, kiasi na saa uliyotuma.