Ugomvi wa kaka na mdogo uliozaa Adidas na Puma

JULAI 8, 1990, Uwanja wa Olimpiki jijini Rome. Dakika ya 85 ya fainali ya Kombe la Dunia, ubao unasoma 0-0, Ujerumani Magharibi inapewa penalti dhidi ya Argentina ya Diego Maradona. Mpigaji anajulikana. Ni nahodha Lothar Matthäus, aliyefunga kwa penalti bao pekee dhidi ya Czechoslovakia kwenye robo fainali.

Lakini Matthäus hasogei. Kiatu alichokizoea kilivunjika kipindi cha kwanza, akabadilisha wakati wa mapumziko, na hicho kipya hakikumkaa vizuri mguuni. Akamwachia beki Andreas Brehme. Mpira nyavuni, Ujerumani bingwa wa dunia.

Nahodha wa timu ya taifa anaacha penalti ya fainali kwa sababu ya daruga! Na utamu wa stori hii ni alikokulia Matthäus. Jamaa ni mtoto wa Herzogenaurach, mji mdogo wa Bavaria karibu na Nuremberg. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa Puma na yeye mwenyewe alianza soka kwenye timu iliyokuwa upande wa Puma. Ukitaja viatu vya mpira, unautaja mji wa kina Matthäus.

Kampuni mbili ambazo nembo zake zimejaa kwenye jezi za nusu ya dunia, Adidas na Puma, zote zimezaliwa hapo. Sio kwa bahati. Zimezaliwa na baba mmoja na mama mmoja.

Mama alikuwa dobi, baba alifanya kazi kiwanda cha viatu. Jina la ukoo ni Dassler. Rudolf, au Rudi, alizaliwa 1898. Adolf, waliyemwita Adi, alizaliwa 1900. Adi alisomea kuoka mikate, lakini mikate haikumkaa kichwani. Aliporudi kutoka Vita ya Kwanza ya Dunia aliingia kwenye chumba ambacho mama yake alikuwa akifulia nguo za watu, akaanza kushona viatu.

Hali ilikuwa ngumu kwelikweli. Ujerumani imeshindwa vita, ngozi hakuna, umeme unakatika kila mara. Adi akawa anaokota mabaki ya vifaa vya jeshi na kuyakata. Umeme ulipokatika, mashine ya kusaga ngozi ilizungushwa kwa pedeli za baiskeli. Misumari ya viatu vya kukimbilia ilifuliwa na rafiki yake aliyetoka familia ya wahunzi.

Rudi alijiunga naye, na Julai 1924 kampuni ya ndugu wa Dassler ikasajiliwa. Walipishana kama mchana na usiku. Adi mkimya, mtu wa kushinda na gundi na sindano, na alipenda kujaribu viatu mwenyewe uwanjani. Rudi msemaji, mchangamfu, mtu wa kuuza. Kwenye biashara, huo ni mchanganyiko mzuri kuliko wote. Namba sita anakaba, namba kumi anapika mabao.

Olimpiki ya Amsterdam 1928, Lina Radke alibeba dhahabu ya mita 800 akiwa na viatu vyao. Berlin 1936, mbele ya Hitler, Mmarekani mweusi Jesse Owens akazoa dhahabu nne, na viatu vya Dassler vilikuwa miguuni mwake. Hapo dunia ikaanza kuuliza hivi viatu vinatoka wapi.

Historia yao ina doa pia, na halifutiki. Ndugu hawa walijiunga na chama cha Nazi mwaka 1933, na vita ilipokolea kiwanda kiliacha viatu kikatengeneza silaha za kulipulia vifaru.

Ni kwenye vita hiyo undugu ulipochanika. Familia zote mbili ziliishi nyumba moja, wake zao hawakuivana, na kila mmoja aliona kampuni ni yake. Kuna kisa kinachosimuliwa sana pale mjini. Usiku mmoja wa mabomu, Rudi na familia yake wako ndani ya handaki, Adi na mkewe wakaingia. Adi akafoka kwamba wale washenzi wamerudi tena. Alikuwa anazisema ndege za adui. Rudi akaamini anasemwa yeye, na hakuna aliyeweza kumtoa kwenye imani hiyo.

Baadaye Rudi akachukuliwa jeshini huku Adi akibaki kiwandani. Vita ilipoisha Wamarekani wakamkamata Rudi na kumweka kizuizini takribani mwaka mzima. Kichwani mwake jibu lilikuwa moja tu: mdogo wangu kanichoma. Naye Adi alipohojiwa kuhusu Unazi wake mwaka 1946, maelezo ya Rudi ndiyo yaliyomkandamiza. Ukishafika hapo hakuna tena kuitana ndugu.

Mwaka 1948 wakagawana mali. Mashine, majengo, wafanyakazi. Mafundi wengi walibaki na Adi, watu wa mauzo wengi wakamfuata Rudi, aliyehamia ng'ambo ya pili ya mto Aurach. Agosti 1949 Adi akasajili kampuni kwa kuunganisha jina lake na herufi za mwanzo za ukoo: Adidas. Rudi alijaribu ujanja huohuo, akapata Ruda. Halikuvutia, akalibadilisha kuwa Puma.

Wazee wa Kariakoo wanaielewa hadithi ya namna hii bila kufafanuliwa. Yanga ilianza 1935, mwaka uliofuata wakajitoa waliounda timu ambayo leo ni Simba, na mpaka leo mitaa imegawanyika. Herzogenaurach ikawa hivyohivyo. Kila upande na timu yake ya mpira, ASV kwa Adidas na FC kwa Puma. Kila upande na baa zake. Ukawa mji wa watu wa kuinamisha shingo, maana kabla hujamsalimia mtu ulitazama kwanza kavaa kiatu gani.

Mwaka 1954 ndio uliomweka Adi juu. Fainali ya Kombe la Dunia jijini Bern, Julai 4, Ujerumani Magharibi dhidi ya Hungary ya Ferenc Puskás, timu ambayo haikuwa imefungwa kwa miaka minne na ilikuwa imewachapa Wajerumani haohao 8-3 kwenye makundi. Dakika nane tu, Hungary 2-0. Mvua inamwagika, uwanja ni tope.

Adi alikuwepo pamoja na timu ya kocha Sepp Herberger. Kiatu chake kilikuwa chepesi na kilikuwa na meno ya kufungua na kufunga, hivyo kwenye tope waliweka meno marefu. Wajerumani wakasawazisha, kisha Helmut Rahn akapiga la tatu dakika ya 84. Ikaisha 3-2.

Viatu peke yake havifungi mabao, na Rahn alikuwa fundi. Lakini mchezaji anayeteleza na asiyeteleza hawachezi mechi moja. Puma mpaka leo wanasema meno ya kufungua ni wazo lao, kupitia kiatu walichokiita Super Atom cha mwaka 1952. Haikusaidia kitu. Picha zilizozunguka dunia zilikuwa na mistari mitatu.

Baada ya hapo ikawa vita ya kuwania miguu ya mastaa. Olimpiki ya Rome 1960, Mjerumani Armin Hary alishinda mita 100 akiwa na Puma, akaenda kupokea dhahabu yake akiwa na Adidas, akidhani atakula kote kote. Adi hakutaka kumsikia tena.

Watoto nao wakarithi ugomvi kama mtu anavyorithi shamba. Horst wa Adi, Armin wa Rudi. Kuelekea Kombe la Dunia la Mexico 1970 walikubaliana jambo moja la maana: hakuna wa kumgusa Pelé. Waliona wakianza kumgombania bei itapanda mpaka wafilisike wote. Puma wakavunja mkataba huo. Inatajwa kwamba Pelé alilipwa dola 120,000, na kazi yake nyingine ilikuwa rahisi tu. Kabla ya filimbi ya kuanza mechi amwombe mwamuzi asubiri, ainame, afunge kamba taratibu. Kamera zote zikamfuata mfalme, na dunia nzima ikaangalia kiatu. Tangazo la dakika moja ambalo halikulipiwa shilingi kwa televisheni yoyote!

Miaka minne baadaye ikawa zamu ya Johan Cruyff. Uholanzi ilivaa jezi za Adidas zenye mistari mitatu, yeye ni mtu wa Puma. Akagoma. Ikabidi atengenezewe jezi yake yenye mistari miwili, na picha zipo, ukiangalia bega lake utahesabu mwenyewe. Alicheza hivyo mpaka fainali ya Munich waliyofungwa 2-1.

Oktoba mwaka huohuo wa 1974 Rudi akafariki. Adi akamfuata Septemba 1978. Wamezikwa makaburi mamoja, ila kila mmoja kwenye ncha yake, mbali kadiri uzio unavyoruhusu.

Kilichofuata ni kama kejeli. Horst, mtu aliyejua siasa za FIFA na Olimpiki kuliko marais wengi wa vyama, alifariki 1987. Ndani ya miaka michache kampuni zote mbili zikaponyoka mikononi mwa ukoo. Puma iliuzwa 1989. Adidas ilichukuliwa 1990 na Bernard Tapie, yuleyule bosi wa Marseille, na kisha 1993 ikaenda kwa Robert Louis-Dreyfus, ambaye naye akaja kuimiliki Marseille. Kina Dassler walipigana miaka 40, faida wakala wengine.

Vita ya jezi haikupoa. Afrika inaikumbuka Cameroon ya kina Samuel Eto'o iliyotwaa Afcon 2002 ikiwa na vizibao vya Puma visivyo na mikono. FIFA ikakataa, Kombe la Dunia wakashonewa mikono myeusi. Afcon ya 2004 Puma wakaja na jezi iliyoungana na bukta. Cameroon ikanyang'anywa pointi sita za kufuzu Kombe la Dunia, kabla ya kurudishiwa. Hapo utajua fundi wa viatu wa mji mdogo anaweza kukutikisia msimamo wa kundi huku Afrika.

Septemba 21, 2009, wafanyakazi wa kampuni hizo mbili waliingia uwanjani Herzogenaurach kucheza mechi ya amani. Hawakucheza Adidas dhidi ya Puma. Walichanganywa, na mabosi wa pande zote mbili walikuwa miongoni mwa wachezaji. Rudi alikuwa na karibu miaka 35 kaburini, Adi 31.

Kwenye Euro 2024 timu ya taifa ya Ujerumani iliweka kambi palepale Herzogenaurach, kwenye makao makuu ya Adidas. Lakini miezi michache kabla, Machi mwaka huo, chama cha soka cha Ujerumani kilitangaza kwamba kuanzia 2027 kitaachana na Adidas baada ya zaidi ya miaka 70. Hawaendi ng'ambo ya mto kwa Puma. Wanakwenda kwa Wamarekani, Nike.