Je, Wajua? Kutoka Naivasha Hadi Seti ya Antonioni

Je, wajua kwamba mpigapicha wa Kenya aliwahi kuajiriwa kwenye seti ya filamu ya Italia, akaishia kuonekana ndani ya filamu yenyewe?

Ni Mirella Ricciardi, aliyezaliwa Kenya mwaka 1931 na kukulia kando ya Ziwa Naivasha. Mwongozaji Michelangelo Antonioni alipotengeneza *L'Eclisse* (1962), Mirella alipiga picha za seti, kisha akapewa nafasi ya Marta, mlowezi kutoka Kenya. Onyesho lake linauma: Marta anawadharau Waafrika, naye mwigizaji Monica Vitti anajipaka rangi nyeusi na kucheza.

Mwaka 1971 Mirella alichapisha *Vanishing Africa*, kitabu cha picha za jamii za Kenya kilichompa umaarufu duniani. Picha ni nzuri mno, ila jina la kitabu lilikosea. Jamii hizo hazikutoweka.

Sasa zamu ni yako, kijana wa Habaswein: wewe unayepiga picha za harusi na za ngamia wakinywa kisimani, andika jina la kila unayempiga, mahali na tarehe. Zitunze picha hizo.