Mbegu na Mkulima Wake: Wahariri wa Kujitolea wa Kamusi Elezo ya Kiswahili na Makala ya Mkoa wa Songwe

1.0 Utangulizi



Mada niliyopewa inahusu watu wanaojitolea kuandika na kusahihisha Wikipedia ya Kiswahili, yaani kamusi elezo iliyomo katika intaneti ambayo msomaji wake yeyote aweza pia kuwa mhariri wake. Ili mjadala wetu usielee hewani, nimeuegemeza mahali pamoja: Mkoa wa Songwe, na hasa mji wa Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia. Nimepachagua kwa makusudi. Dar es Salaam na Zanzibar hazikosi mtu wa kuziandikia. Ubora na udhaifu wa kamusi elezo huonekana vizuri zaidi mahali ambapo vitabu ni vichache na waandishi ni wachache zaidi.

Hoja yangu ni hii. Tumezoea kulalamika kwamba makala ya Kiswahili ni machache. Ninaamini kuwa upungufu mkubwa zaidi ni wa wahariri wanaorejea kwenye makala yaliyokwisha kuandikwa, wakayasoma upya, wakayarekebisha. Kazi hiyo ya kurejea ni kazi ya lugha, na kwa hiyo inatuhusu sisi tunaofundisha na kujifunza Kiswahili.

2.0 Chimbuko na utaratibu wa kazi

Uandishi wa kushirikiana si jambo geni katika Kiswahili. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa na Idara ya Elimu ya Tanganyika mwaka 1923, lilijazwa kwa kiasi kikubwa na wasomaji wake wenyewe: walimu na makarani waliotuma habari za kwao na mashairi. Walioandika hawakuwa wote wazawa wa pwani. Wengi walikuwa watu wa bara waliotumia Kiswahili kueleza nyumbani kwao.

Wikipedia ilianzishwa mwaka 2001 kwa Kiingereza, na toleo la Kiswahili likafuata mwaka 2003. Miongoni mwa waliolijenga mapema ni Ndesanjo Macha, mwandishi Mtanzania aliyejulikana pia kwa blogu yake ya Kiswahili. Leo makala yake yamezidi 80,000. Anayeandika halipwi. Kila badiliko huhifadhiwa katika historia ya ukurasa, pamoja na jina alilojichagulia mhariri na saa aliyofanya kazi, hata toleo la zamani laweza kurudishwa. Kila makala yana ukurasa wa majadiliano ambamo wahariri huhojiana. Wachache waliochaguliwa na wenzao, wanaoitwa wakabidhi, wana uwezo wa kufuta kurasa na kuwazuia waharibifu.

Makala mafupi yanayongoja kukuzwa huitwa 'mbegu'. Jina hilo ni zuri, nami nimeliazima katika kichwa cha mhadhara huu. Lakini mbegu humtaka mkulima, na hapo ndipo penye shida. Kati ya mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa mwaka 2010, kampuni ya Google iliendesha shindano la kuandika makala ya Kiswahili, likawalenga wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania. Mamia ya makala yalipatikana kwa muda mfupi. Zawadi zilipokwisha kutolewa, wengi wa walioandika hawakurudi. Makala yalibaki, na mengi yalikuwa na alama zote za tafsiri iliyofanywa kwa haraka. Waliobaki kuyasafisha ni wale wale wachache waliokuwapo kabla ya shindano.

3.0 Kata za Songwe

Tuje sasa kwenye Mkoa wa Songwe. Wahariri wa kamusi elezo ya Kiswahili walijiwekea lengo kubwa: kila kata ya Tanzania iwe na ukurasa wake. Ni lengo la kusifiwa. Mtu wa kata ya mbali katika Wilaya ya Momba aweza kutafuta jina la kwao na kulikuta limeandikwa kwa Kiswahili. Kazi hiyo ilifanywa na mikono michache kwa kutumia takwimu za sensa, kwanza ile ya mwaka 2002, kisha ile ya mwaka 2012.

Mikono ikiwa michache, hulazimika kutumia kielelezo kimoja. Kurasa za kata hufanana kwa muundo: jina la kata, wilaya, mkoa, kisha idadi ya watu, ambao kwa kawaida huitwa wakazi 'wapatao' kiasi fulani 'waishio humo'. Nawaomba wanafunzi wa isimu waitazame kauli hiyo kwa makini. Mkazi tayari ni mtu aishiye mahali, kwa hiyo 'waishio humo' hakuongezi maana yoyote. Nalo neno 'wapatao' hudokeza makadirio, ilhali tarakimu inayolifuata imehesabiwa hadi mtu mmoja wa mwisho. Ingetosha kusema kwamba sensa ya mwaka fulani ilihesabu watu kadhaa katika kata hiyo. Kosa lenyewe ni dogo, na katika ukurasa mmoja hakuna ambaye lingemuudhi. Likinakiliwa katika maelfu ya kurasa, hugeuka kuwa mtindo, na msomaji mchanga hudhani kuwa hivyo ndivyo Kiswahili cha kitaalamu kinavyoandikwa.

Mwanzoni mwa mwaka 2016 serikali iliugawa Mkoa wa Mbeya. Wilaya za Ileje, Mbozi na Momba, mji wa Tunduma, pamoja na sehemu ya Chunya iliyofanywa Wilaya ya Songwe, zikawa mkoa mpya wenye makao makuu Vwawa. Kwa tangazo hilo moja, kila ukurasa wa kata za huko ambao ulitaja Mkoa wa Mbeya ukawa si kweli tena. Hakuna mhariri aliyekuwa amekosea. Ukweli ndio uliobadilika. Ilibidi watu waketi na kuzipitia kurasa hizo mojamoja: kubadili sentensi ya kwanza, kuhamisha ukurasa kutoka orodha ya mkoa wa zamani, na kutengeneza upya jedwali la kata lililo chini ya kila ukurasa. Ni kazi isiyo na sifa, wala hapana anayetunukiwa kwa kufuta 'Mbeya' na kuandika 'Songwe'. Hata hivyo, bila kazi hiyo kamusi elezo nzima hugeuka kuwa kumbukumbu ya mambo yaliyopita inayojidai kuwa habari ya leo.

Idadi ya watu nayo haisubiri. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta watu wasiofika 100,000 mjini Tunduma. Ile ya mwaka 2022 ilikuta zaidi ya 200,000. Biashara ya mpakani, barabara kuu iendayo Zambia na reli ya TAZARA vimeufanya mji huo ukue upesi sana. Ukurasa wa kata ya Tunduma unaobaki na tarakimu ya mwaka 2012 bila kuutaja mwaka huo humpotosha msomaji kuliko ukurasa usiokuwapo kabisa, kwani asiyekuta kitu hujua kuwa hajui.

4.0 Majina na watu wanaoitwa

Suala la pili ni la majina. Tulichukue neno 'Songwe' lenyewe. Ni jina la mkoa, na ni jina la wilaya iliyo ndani ya mkoa huo. Ni jina la mto unaoingia Ziwa Nyasa na kuwa mpaka wa Tanzania na Malawi, na vilevile la mto mwingine unaotiririka kuelekea Ziwa Rukwa. Kiwanja cha ndege cha kimataifa cha Songwe, kilichoanza kutumika mwaka 2012, hakimo katika Mkoa wa Songwe. Kimo katika Mkoa wa Mbeya. Mwenyeji hachanganyikiwi, kwa kuwa muktadha humwongoza. Kamusi elezo haina muktadha huo, hivyo hulazimika kuwa na ukurasa wa 'maana' unaotenganisha matumizi yote. Kuuandika ukurasa wa namna hiyo kwa usahihi ni zoezi halisi la semantiki.

Majina ya watu ni magumu zaidi. Wanyamwanga wanaishi pande zote mbili za mpaka, Tunduma na Nakonde. Upande wa Zambia jina lao huandikwa Namwanga, na maandishi mengine hutumia Winamwanga. Je, ukurasa upewe jina gani? Wanyiha wa Mbozi nao huitwa Wanyika katika baadhi ya maandishi ya zamani, na jina hilohilo la Wanyika ndilo walilokuwa wakiitwa Wamijikenda wa pwani ya Kenya. Mhariri asiyejua hayo aweza kuchukua desturi ya Kaloleni akaipandikiza Mbozi, bila nia mbaya yoyote. Utaratibu unaofaa ni kuchagua jina ambalo wenyewe hujiita kwa Kiswahili, kisha majina mengine yote yaelekezwe kwenye ukurasa huo, na tofauti zao zifafanuliwe mwanzoni. Lakini nani ajuaye wenyewe hujiitaje, asipokuwa mtu wa huko au mtu aliyewauliza?

5.0 Kimondo cha Mbozi

Mfano wangu wa tatu ni Kimondo cha Mbozi, bonge la chuma lenye urefu wa karibu mita 3 lililoko Ndolezi. Ni kitu kimoja kisichosogea, lakini hata hicho hakikubaliani na waandishi wake. Maandishi mengine hutaja uzito wa tani 12, mengine 16, mengine 25. Kanuni ya kamusi elezo ni kutoegemea upande. Mhariri hana ruhusa ya kuchagua tarakimu inayompendeza, bali huzitaja zinazotofautiana, akaonyesha kila moja imetoka wapi, na akaeleza ni ipi inayokubaliwa zaidi na wataalamu.

Kisha kuna kitenzi. Aghalabu husemwa kwamba kimondo hicho 'kiligunduliwa' mwaka 1930. Kiligunduliwa na nani? Wenyeji walikijua kabla ya hapo. Kilichotokea mwaka 1930 ni kwamba wanasayansi wa nje walipata habari zake. Anayeandika 'kiligunduliwa' amekwisha kuegemea upande, hata kama tarakimu zake zote ni sahihi. Kubadili kitenzi kimoja hapo ni uhariri wa maana kuliko kuongeza aya tatu.

Mwisho kuna istilahi. Kiswahili cha kawaida hutumia neno 'kimondo' kwa nuru inayopita angani usiku na pia kwa jiwe linalofika ardhini. Sayansi huvitenganisha vitu hivyo. Wahariri wana njia mbili: kuunda neno jipya, au kuliacha neno moja na kulifafanua, mathalani kwa kusema 'jiwe la kimondo' pale panapohitajika. Mimi naiunga mkono njia ya pili, kwa sababu kibao cha Ndolezi na kinywa cha mwenyeji tayari vimekwisha kuamua. Lakini wengine waweza kupinga, na mahali pa kupinga ni ukurasa wa majadiliano. Kurasa hizo zimekuwa mabaraza ya istilahi, nasi wataalamu aghalabu hatumo.

6.0 Tatizo la vyanzo

Yapo mambo ambayo mhariri mwenye bidii hawezi kuyatatua peke yake. Kamusi elezo hudai kila kauli muhimu iwe na chanzo kilichochapishwa. Kanuni hiyo ni kinga dhidi ya uzushi, na singependa ilegezwe. Hata hivyo, ina gharama yake huko Songwe. Juu ya Wanyiha na ufuaji wao wa chuma, mhariri atakuta makala ya Kiingereza ya Beverley Brock ya miaka ya 1960. Mzee wa Mbozi aliyesimuliwa na babu yake namna tanuri lilivyojengwa hawezi kutajwa kama chanzo, mpaka mtu aandike simulizi yake na kuichapisha.

Mtu huyo ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Tasnifu nyingi juu ya lugha na fasihi simulizi za nyanda za juu kusini zimelala katika rafu za maktaba zetu, na makala machache yaliyochapwa katika majarida hayafiki Tunduma. Pengo la kamusi elezo ni kivuli cha pengo letu wenyewe.

Jambo hili limepata uzito mpya. Programu za kompyuta zinazotafsiri na kutunga maandishi zimejifunza Kiswahili kwa kusoma, pamoja na mengine, kurasa za Wikipedia. Lugha yenye maandishi mengi katika intaneti aweza mtu kusema haidhuriki na sentensi chache mbovu. Kiswahili hakina akiba ya namna hiyo. Kosa tuliloliacha katika ukurasa wa kata laweza kurudi kwetu likiwa limefundishwa kama kanuni.

7.0 Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba kazi ya mhariri wa kujitolea si kuandika upya dunia. Ni kurejea: kubadili jina la mkoa, kuweka mwaka mbele ya tarakimu, kutenganisha mito miwili yenye jina moja, kukihoji kitenzi. Wahenga wametuonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nina mapendekezo mawili. Kwanza, idara za Kiswahili ziukubali uhariri wa kamusi elezo kuwa sehemu ya mazoezi ya somo la uhariri na tafsiri, na mwanafunzi asipimwe kwa idadi ya makala aliyoanzisha, bali kwa ubora wa yale aliyoyarekebisha na kuyatunza katika muda wa masomo yake. Pili, kila mwanafunzi anayekwenda uwandani atwae ukurasa mmoja wa mahali alikofanyia utafiti, na atakapomaliza auache ukiwa bora kuliko alivyoukuta. Kurasa za kata za Ileje, Mbozi, Momba, Songwe na Tunduma zipo tayari, na kitufe cha kuhariri kimo juu ya kila moja.