Butembo: Kisanduku cha wifi kilichodhaniwa kimekufa, na itemu za Egzetat ndani yake

Wiki tatu mbele ya egzame ya serkali, taa ya kisanduku kidogo cha wifi katika nyumba ya mwalimu mmoja wa komine ya Kimemi, hapa Butembo, ilianza kuwaka na kuzimika, kuwaka na kuzimika, bila kutulia. Kisanduku chenyewe kinaingia mfukoni. Kwenye flashi iliyochomekwa ubavuni mwake kulikuwa na itemu za miaka iliyopita, vitabu vya hesabu na kamusi ya Kifaransa. Kila jioni wanafunzi wa mwaka wa sita wa mtaa walikuja kusimama karibu na dirisha na kuvichukua kwa telefone zao bila kununua hata mega moja. Siku hiyo hakuna aliyeona rezo. Mwalimu alikuwa amekwisha kuuliza bei ya kisanduku kipya, na bei ilimnyamazisha.

Aliyeweka Linux ndani ya kisanduku hicho ni mimi. Kwa hiyo aliponipigia simu, aibu ilikuwa yangu pia.

Kifaa hicho ni TP-Link TL-MR3020. Kilitengenezwa hasa kwa kazi hii: kupokea modemu ya 3G na kuigawa rezo yake kwa wifi. Tangu telefone zianze kugawa rezo zenyewe, vingi vya namna hii vimelala ndani ya makabati. Lakini ndani yake kuna ordinatere kamili, hata kama ni maskini: prosesa ya megahezi 400, kumbukumbu ya kazi ya megabaiti 32, na hifadhi ya ndani ya megabaiti 4 tu. Picha moja ya telefone ya leo inaweza kuijaza. Hata hivyo kinakula umeme kidogo sana, volti 5 tu, na tena kina tundu la USB. Jason Griffey, mkutubi wa Marekani, alikitumia hiki hiki kwa LibraryBox, maktaba ya kubeba mkononi isiyohitaji intaneti. Mimi niliiga wazo, si zaidi.

Programu tunayoweka inaitwa OpenWrt. Ni Linux ya ruta. Mizizi yake ni ya mwaka 2003, wakati kampuni Linksys ilitoa hadharani kodi ya ruta yake WRT54G kwa kuwa ilikuwa imetumia Linux, na leseni ya Linux inadai hivyo. Mwaka uliofuata watu wakaanza OpenWrt.

Sasa turudi kwenye taa. Mtu akiona taa inacheza namna ile, wazo la kwanza ni kwamba programu imeharibika na lazima kuiandika upya. Hilo ndilo kosa linaloua visanduku vingi kuliko ugonjwa wenyewe. Kuandika upya ni operesheni. Haifanywi kabla ya kupima homa. Nilimuuliza mwalimu kama kuna kitu kilichobadilishwa. Hakuna, akasema. Kiisha akakumbuka: mtoto wake mkubwa alichukua sharja ya kisanduku kwa ajili ya telefone yake, akaacha nyingine mahali pake.

Hiyo nyingine ilikuwa sharja nyepesi ya sokoni, na kable yake ndefu na nyembamba. Kisanduku peke yake kingeweza kuishi nayo. Lakini flashi nayo inakula umeme kupitia kisanduku, na wifi ikianza kutuma, volti inaanguka. Mashine inajizima, inaamka, inafika mahali pale pale, inajizima. Ukitoa flashi na taa ikatulia, umekwisha kupata jibu bila kugusa programu. Tulichomeka kisanduku kwenye pawabanki. Taa ikatulia.

Rezo haikurudi.

Hapa ndipo mwalimu alikata tamaa, na nakiri mimi pia nilibaki nikitazama. Ili kuelewa, ni lazima kujua ujanja tunaoutumia juu ya zile megabaiti 4. OpenWrt ikiingia, nafasi inayobaki haitoshi kitu. Basi tunaiambia: mipangilio yako yote na programu za kuongeza, kaa nazo kwenye flashi, si ndani. Kazi hiyo wenyewe wanaiita extroot. Inafanya kazi vizuri mpaka siku ambayo kisanduku kinaamka na hakioni flashi. Siku hiyo hakilalamiki. Kinarudi kimya kimya kwenye mipangilio ya zamani iliyobaki ndani, ile ya siku ya kwanza, kabla flashi haijawekwa. Na OpenWrt kwa desturi yake, siku ya kwanza wifi imezimwa.

Kwa mwenye nyumba inaonekana kama kifo, au kama mwizi ameingia na kufuta kila kitu. Hata neno la siri si lile tena. Nimemuona kijana mmoja aliyeapa kwamba ruta yake imeingiliwa na wahalifu wa intaneti, kumbe flashi ilikuwa imelegea tu.

Dawa ni kable ya rezo. Nilichomeka ordinatere yangu moja kwa moja kwenye kisanduku, nikaipa anwani 192.168.1.2 kwa mkono, na kukiita kisanduku kwa 192.168.1.1. Kiliitika mara moja. Anwani hii inawapoteza wengi: kikiwa na programu ya kiwandani, kisanduku hiki kinaitika kwa 192.168.0.254, na ndiyo watu wanaendelea kuipigia baada ya kuweka OpenWrt, sawa na kupiga namba ya mtu aliyebadilisha simukadi. Hawapati jibu, wanakitupa.

Ndani, orodha ya matukio ilisema wazi kwamba flashi imeonekana lakini haikuweza kufunguliwa. Kule kuzimika mara nyingi kwa siku mbili kulikuwa kumeharibu mpangilio wa mafaili. Niliitoa, nikaichomeka kwenye ordinatere yangu yenye Linux na kuikarabati kwa e2fsck. Mafaili mawili yalipotea. Itemu zote zilikuwa salama. Niliirudisha, nikawasha, na baada ya dakika moja na nusu jina la rezo likaonekana kwenye telefone ya mwalimu.

Si kila mara inakuwa rahisi hivi. Kisanduku changu cha kwanza nilikiua mwenyewe, kwa haraka. Chini ya kila kimoja kuna karatasi yenye maandishi madogo, na mwishoni neno "Ver". Toleo la 1 na la 3 yanafanana kwa macho kama mapacha, lakini ndani prosesa ni tofauti kabisa, na hifadhi ya toleo la 3 ni megabaiti 8. Sikusoma karatasi. Nilipata faili ya toleo lingine, na kwa kuwa njia ya kawaida ilikuwa imeikataa, nikalazimisha. Iliponikataa ilikuwa inanisaidia.

Kwa kisanduku kilichofika hapo, kuna mlango wa mwisho. Ukikifungua, kuna vitobo kwenye kadi vinavyotoa maneno ya mashine tangu sekunde ya kwanza inapoamka. Unahitaji adapta ndogo ya USB ya volti 3.3, nyaya tatu, na kasi ya 115200. Kasi ikikosewa unaona takataka za herufi. Waya wa nne, ule wa umeme, usiuguse. Kwenye toleo la 1 unaandika tpl haraka sana pale inapoanza, na programu ya kuamsha inasimama kukungojea. Mimi nilikosa mara nyingi kabla ya kuiwahi. Lakini kisanduku kilifufuka, na ndicho kiko kwa mwalimu leo.

Tangu wakati ule sianzi kuandika programu yoyote bila pawabanki upande wa kisanduku na betri iliyojaa upande wa ordinatere. Umeme wa mji wetu hauna heshima kwa mtu anayeandika hifadhi. Ukikatika katikati ya dakika ile mbili, hakuna maombi yatakayosaidia isipokuwa vitobo na nyaya.

Jambo moja halina dawa. Mfululizo wa mwisho wa OpenWrt uliotolewa rasmi kwa vifaa vya megabaiti 4 ni 19.07, na matengenezo yake yalikoma mwaka 2022. Matundu ya usalama yatakayogunduliwa hayatazibwa. Ndiyo maana sikubali kisanduku hiki kiunganishwe na intaneti ya nyumba, hata mwalimu akinibembeleza. Kigawe vitabu, basi. Mwenye toleo la 3 ana bahati zaidi.

Pia hakina saa ya betri. Kikizimwa kinasahau tarehe, na bila intaneti hakuna wa kukikumbusha. Mafaili ya mwalimu yana tarehe za ajabu. Wanafunzi hawajali.

Jioni ile walifika watano, kiisha tisa. Wakipita kumi na kuvuta kwa pamoja itemu zilizopigwa picha, kisanduku kinachoka, basi wamejipangia zamu pale dirishani. Sharja ya zamani imerudi mahali pake. Mwalimu ameifunga kwa skochi kwenye tundu la ukuta, na juu yake ameandika kwa kalamu nyekundu: YA ITEMU. Mtoto wake ananunuliwa yake mwisho wa mwezi.